Kiroba cha Ami

Usiku wa kuamkia upimaji, Ami alizoa vigae vyote vilivyozagaa kando ya gofu la shambani kwetu, akavitia kirobani na kuvificha jikoni nyuma ya kuni. Shamba letu la Barani, alilotuachia babu, lilikuwa limepata mnunuzi, na wakili wake alitaka ripoti ya mambo ya kale kabla hati haijabadilishwa jina. Ami alikuwa na hakika kwamba wakiona vigae, serikali itatwaa shamba. "Gede je?" akauliza. Magofu ya Gede yako chini ya ulinzi wa serikali tangu miaka ya 1920.

Asubuhi alifika mwanaakiolojia, mama wa makamo, na vijana wawili. Walijipanga mstari, wakatembea polepole macho chini, wakichomeka kijiti kila walipoona kitu. Kwenye gofu wakasimama. Ardhi ilikuwa na alama za fagio.

"Nani kafagia hapa?"

Shangazi alimtazama nduguye. "Kaka, kilete."

Kiroba kikamwagwa mkekani: vipande vya vyungu vyekundu, kauri ya kijani ya Kichina, ushanga. Yule mama hakukaripia, lakini uso ulimsinyaa. Kauri kama ile, alitueleza, ndiyo saa ya wachimbaji. Gede, James Kirkman alipoanza kuchimba mwaka 1948, alizipa kuta umri wake kwa vyombo vya namna hiyo, pamoja na kaburi lililoandikwa mwaka 802 Hijria, yaani 1399. Kigae kilichofukiwa chini ya sakafu hueleza sakafu ilipojengwa; kilicho juu yake hueleza walioishi humo au waliokuja baadaye. Kikishatiwa kirobani hakielezi lolote kati ya hayo. Nilihisi tumewafutia watu mlango wao.

Kuhusu hati, yule mama alimtuliza Ami. Sheria ya mambo ya kale ya 2006 humtaka mgunduzi atoe taarifa kwa Makumbusho ya Taifa ndani ya siku 7. Kugundua peke yake hakumnyang'anyi mtu ardhi.

Hapo ndipo Ami alipovua viatu, akachukua vile vipande vikubwa, akaanza kuonyesha: hiki nilikitoa penye mkwaju, hiki kilikuwa kimeegemea ukuta. Vidogo hakuvikumbuka. Kijana akaandika kila alichosema, akiweka alama kwamba ni kwa kumbukumbu tu. Kisha wakafungua shimo la majaribio kando ya ukuta. Chini ya sakafu ya chokaa kukatoka kipande cha kauri ambacho mkono wa Ami haukukifikia.

Shangazi akakataa kutia dole gumba mpaka gofu litengwe nje ya eneo linalouzwa. Mnunuzi alilalamika, akapunguza bei, akakubali.