Sifa za Skrini ya Bluu

Wanaoitukana skrini ya bluu hawaijui. Nasimama kuisifu mbele ya wateja wote wa steshenari za Janga, Kibaha, ambao wanaitambua kwa sura.

Kwanza, haina upendeleo. Kijana amejaza fomu ya Bodi ya Mikopo, amepakia cheti cha kuzaliwa, amebakiza kubonyeza "tuma". Modemu inapepesa taa. Mara skrini yote bluu, na ule uso wenye huzuni ulioletwa na Windows 8 mwaka 2012. Chini yake, kwa maandishi madogo, ndis.sys, jina la faili la Windows linaloshughulikia mtandao. Foleni nzima inasema "Pole!" na wasiojuana wanaanza kuongea. Mkutano gani wa kijiji huanza upesi hivyo?

Pili, ni kweli tupu. Data ikiingia, kadi ya mtandao humkatiza prosesa kazi yake, na draiva huiweka data hiyo mahali fulani kwenye memori. Upande mmoja wa prosesa ukidhani kazi imekwisha, hupaachia mahali hapo. Upande wa pili, ukichelewa kidogo tu, huja kupasoma. Zamu zimegongana. Mfumo ukigundua, haufuniki kombe. Huzima kila kitu, hesabu za uongo zisije zikaandikwa kwenye diski. Maofisini ni wangapi wenye ujasiri wa kukiri kosa papo hapo, tena kwa herufi kubwa?

Tatu, ina haya. Fundi akija, haionekani. Akiwasha programu ya uchunguzi, mashine hupunguza mwendo kidogo, zamu zikapangika zenyewe, kosa likajificha. Fundi hulipwa, hupanda bodaboda, nalo hurudi. Nani mwingine anawatafutia vijana wetu ajira ya kudumu namna hii?

Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya kuchoka na gharama na mifumo iliyovurugika. Wazee wale walikosa subira. Marufuku imeondoka, nasi tunateseka kwa hiari yetu, tena kwa kulipia bando.

Asiyetaka baraka hizi njia anayo: aweke draiva mpya kutoka kwa mtengenezaji wa kadi, na ahifadhi kazi yake kila baada ya aya. Na fomu ya mkopo, wanangu, msiisubirishe hadi usiku wa mwisho.