Franco Ndani ya Beseni la Viwavi

Mama yule bado anacheka. Nina hakika, kwa sababu nilipofika nyumbani watoto wa jirani walikuwa wameshapata habari, na mimi nilikuja mbio.

Nilikuwa nakimbia asubuhi karibu na daraja la Tshopo hapa Kisangani, masikio yamejaa rumba ya Franco na TPOK Jazz, sebene imefika pale ambapo mtu mzima hawezi tena kukimbia bila kutikisa mabega. Nikatikisa. Kipokea sauti cha kulia kikachomoka, kikadunda begani, kikatua ndani ya beseni. Ni msimu wa viwavi, na wauzaji wamepanga mabeseni kandokando ya barabara: viwavi hai, weusi, wanene, wanapandana. Kipokea sauti changu nacho cheusi. Nilikichagua cheusi kwa heshima.

“Papa, unatafuta nini mu beseni yangu?”

“Kitu yangu imeanguka, mama. Inaimba.”

“Inaimba?”

Akainamisha sikio. Wateja wakainamisha masikio. Kijana wa toleka akasimamisha baiskeli, abiria akiwa bado amekaa nyuma, wakainama wote wawili. Nikaingiza mkono. Kila nilichoshika kilikuwa na miguu. Hatimaye nikapata kitu kigumu kisichotembea, nikakiinua juu ili umati ukione: kiwavi aliyekufa. Hapo mama akatoa hukumu. Mkono wenye jasho umeshaingia kwenye biashara, kwa hiyo beseni zima ni langu. Nikalipa kwa simu, na mlio wa kuthibitisha malipo ukasikika ndani ya beseni, kona ya kushoto, chini kabisa.

Kitu kilichonifikisha pale ni fizikia. Kuna vipokea sauti vya mazoezi na kuna vya muziki, kama nilivyovaa mimi, na sababu ya tofauti hiyo inanivutia mno hata nikiwa na hasira. Ndani ya kile kidude mna utando mdogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Utando wa namna hiyo hauwezi kutikisa hewa ya chumba. Unaweza tu kusukuma na kuvuta hewa kidogo iliyofungiwa ndani ya tundu la sikio. Ndiyo maana vya muziki vina kizibo cha mpira. Pakiwa na mwanya, hata mwembamba, hewa inapenya na besi inaondoka nayo. Gita linabaki, mwimbaji anabaki, lakini besi haipo, na rumba bila besi ni watu wanaolalamika kwa sauti nzuri. UNESCO haikuiingiza kwenye orodha ya urithi mwaka 2021 kwa ajili ya hilo.

Basi ziba sikio vizuri, uanze kukimbia. Sasa kila mguu unapogonga ardhi, mtikisiko unapanda kwa mifupa hadi kwenye tundu la sikio. Likiwa wazi, sauti hiyo hutokea nje bila wewe kujua. Likizibwa, inakosa mlango, nawe unasikia du, du, du, pumzi yako mwenyewe, hata mate unayomeza. Pikipiki iliyo nyuma yako huisikii. Kwa hiyo vya mazoezi huacha sikio wazi na kujishikilia kwa ndoano, na besi ndiyo inayotolewa kafara. Anayetaka vyote viwili anabishana na hewa.

Kisha kuna jasho. Kwenye boksi waliandika IPX4, maana yake kifaa kimerushiwa matone ya maji kutoka kila upande kikavumilia. Maji, lakini, tena yasiyo na chumvi. Hakuna aliyekipeleka Kisangani, nusu digrii tu kaskazini mwa ikweta, akakitia jasho la mtu anayepanda barabara saa mbili asubuhi. Kipokea sauti cha kushoto, ambacho hakikuwahi kumwona kiwavi yeyote, kilikufa kwa chumvi.

Hapa sicheki. Betri ndogo za aina hii kwa kawaida hutengenezwa kwa kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia huchimbwa kwetu, upande wa Kolwezi. Mto Lualaba unapita huko, unashuka kaskazini, unamaliza maporomoko ya Boyoma hapa kwetu na kuitwa Kongo. Maji yanatufikia yenyewe, bure. Kobalti inazunguka hadi China, inarudi ndani ya boksi lenye picha ya mzungu anayekimbia ufukweni, na betri ikifa hakuna fundi anayeweza kuifungua, kwa sababu imegundishwa kwa makusudi ili asiweze. Wanaochimba nimewaona kwenye picha. Sikuona hata mmoja amevaa kitu masikioni.

Nilivirudisha kwa aliyeniuzia vipokea sauti. Akasema garanti yake inaishia pale kivuli cha mwavuli wake kinapoishia.

Akaniuzia vya ndoano. Sasa kila mtu aliyekuwa pale kwenye beseni la viwavi ananiita njiani na namsikia vizuri sana.



Viwavi tuliwala kwa siku nyingi. Walikuwa watamu, na mke wangu ameniuliza ni lini nitakimbia tena.