Baiti Kumi na Nane

Shemeji yangu, fundi wa simu, alinimaliza juzi mbele ya wakwe. Alichungulia kompyuta yangu ya Linux, akaona imeandika kwamba imeunganishwa na mtandao huku haifungui ukurasa hata mmoja, akauliza kwa upole: "Shemeji, bando limeisha?" Sebule nzima ikaangua kicheko. Mama mkwe akafungua pindo la khanga kunitafutia hela.

Bando lilikuwapo! Ubovu ulikuwa kwenye draiva ya kadi ya mtandao, na nilishaukamata, ila hauelezeki katikati ya pilau. Acha niueleze hapa.

Kompyuta ikiwaka huomba anwani kwa ruta. Ombi hilo ni refu, lapata baiti 300, likapita salama, na anwani ikaja. Ndiyo maana ilijigamba kwamba imeunganishwa. Hatua inayofuata ni kuuliza: "Nani mwenye 192.168.1.1?" Swali hilo ni la baiti 28; ukiongeza 14 za kichwa cha pakiti, unapata 42. Na Ethernet haipokei pakiti iliyo chini ya 64, yaani 60 pamoja na 4 za uhakiki. Swichi ikaitupa kimyakimya, kama mlinzi wa geti aliyeagizwa asipitishe wageni wafupi. Kompyuta ikauliza tena. Na tena.

Kwa nini 64? Hapo ndipo utamu. Zamani mashine zote zilitumia waya mmoja mnene, na mbili zikisema pamoja, maneno yaligongana. Anayetuma alipaswa kuwa bado anasema wakati habari za mgongano zinamrudia, hata kutoka ncha ya mbali kabisa. Kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde, hiyo ni mikrosekunde 51.2, sawasawa na baiti 64. Leo waya ule haupo, swichi zimemaliza migongano, lakini sheria ingali hai, nami naaibishwa ukweni kwa ajili ya ajali ambazo haziwezi kutokea tena.

Kadi nyingi hujazia upungufu zenyewe. Hii imeiachia draiva, na draiva haikuambiwa. Tiba ni kuongeza baiti 18 za sifuri. Lazima ziwe sifuri: mwaka 2003 ilibainika kwamba draiva kadhaa zilikuwa zikijazia kwa mabaki ya memori, zikitawanya vipande vya data za watu mtandaoni.

Haya yote yangekuwa sentensi moja kwenye mwongozo wa kadi. Mwenye kiwanda hautoi mpaka usaini hati ya kutunza siri, na siri huwezi kuiandika kwenye programu ambayo kila mtu anaisoma. Basi watu wanakesha wakibahatisha, bila malipo. Kisha kwenye boksi mwenye kiwanda anachapa kwa herufi kubwa kwamba kadi inakubali Linux, na bei anapanga yeye.

Kiraka changu, yaani marekebisho niliyowatumia watunzaji wa Linux, kilirudishwa kwa sababu programu ya barua pepe iligeuza tabo kuwa nafasi.

Kikarudishwa tena: maelezo marefu mno.

Sasa kimepokelewa. Kadi hiyohiyo haiamki kompyuta ikishalala, kwa hiyo kompyuta hailali.