Kobalti Imeegesha Langoni

Arua hii ukitamka tu kwamba mguu hukaza usiku, umewafungulia watu kliniki. Jirani anakuandikia ndizi, shemeji anakuandikia maharage, boda anayekupeleka sokoni anakuandikia mkwe wake. Mpwa wangu anayesoma biolojia haandiki kitu. Yeye anahutubia.

"Mjomba, kwenye utando wa seli kuna milango ya ioni."

Nikamwacha, maana chai ilikuwa bado ya moto. Mlango wa potasiamu, akasema, hupitisha ioni kama milioni 100 kwa sekunde, na sodiamu haipenyi, ingawa ndiyo ndogo. Mmarekani Roderick MacKinnon alionyesha umbo la mlango huo mwaka 1998, akapewa Nobel ya kemia mwaka 2003. Pale penye wembamba kuna oksijeni zilizopangwa kwa kipimo cha potasiamu: inavua maji yake, inashikwa vizuri, inapita. Sodiamu ikija inapwaya, inabaki nje.

Milioni mia kwa sekunde! Mimi na gunia moja la maharage kutoka Ariwara nimemaliza asubuhi nzima kwenye mpaka nisioutaja, kwa sababu kesho nitapita tena.

"Sasa ngoja kobalti, mjomba."

Kobalti naijua. Imo katika betri za simu, na nyingi ya dunia nzima huchimbwa hapo Kongo, kule Katanga. Hata sisi huku Uganda tuliwahi kuichenjua Kasese, kutoka mabaki ya shaba ya Kilembe. Nilichokuwa sikijui ni tabia yake, na hiyo akanieleza. Ina chaji mbili chanya kama kalsiamu, kwa hiyo lango la kalsiamu linaikaribisha; ikifika inaegesha papo hapo, kama lori lililokatika ekseli. Kalsiamu inabaki nje ikipiga honi. Na kuna milango ya potasiamu isiyofunguka vizuri mpaka kalsiamu iingie iiguse kutoka ndani. Kwa hiyo potasiamu, ambayo kutoka kwake ndiko huituliza neva iliyoshtuka, inakwama kwa kosa la lango lisilo lake. Wanasayansi huimwagia seli kobalti makusudi maabarani, waone nini kitasimama.

Hapo niliona mwanga. "Kwa hiyo simu ndiyo inayonikaza mguu?"

"Hapana, mjomba. Kobalti ya betri haikuingii. Katika unayokula kuna chembe iliyomo ndani ya vitamini B12, na hiyo unaihitaji."

"Basi ni potasiamu?"

"Daktari si alipima akasema iko sawa?"

"Sasa saa nzima tulikuwa tunazungumza nini?"

"Nilitaka uelewe tu."

Nimeelewa. Sodiamu imekataliwa, kalsiamu imezibiwa, potasiamu inangoja ruhusa, mguu hauhusiki kabisa, na ada ya muhula wa kumfundisha kijana haya yote nimelipa mimi.