Jinsi ya Kukagua Mgongo Ukianzia kwenye Sahani ya Chipsi

Usianzie ofisini. Anzia Tabata, magharibi mwa Dar es Salaam, kwenye banda la chipsi la mtaani. Agiza chipsi mayai, na mafuta yakichemka mtazame muuzaji kiuno. Amesimama tangu alasiri, jiko la mkaa liko chini, kila akigeuza karai anainama. Nyuma ya banda yupo mama anayemenya viazi. Mwamkie shikamoo, omba kigoda chake, umenye ndoo moja. Nzima, si nusu. Kiuno kikianza kuwaka, ukaguzi umeshaanza.

Wataalamu huiita egonomiki: kuipanga kazi iufuate mwili. Kwa mama huyu inatosha meza ya kimo chake na kiti cha kuegemea. Seremala yeyote wa Tabata atavitengeneza. Mwambie mwenye banda leo leo, usingoje semina.

Kisha vifuate viazi kule vilikotoka. Vingi huteremka kutoka Njombe na Mbeya hadi masoko ya jumla kama Mabibo. Nenda alfajiri, vaa viatu vya tope, na uchukue mizani. Fomu iache nyumbani. Utaikuta lumbesa: gunia limejaa hadi mdomoni, likaongezewa kilemba juu, likashonwa. Jaribu kulinyanyua pembe moja tu. Halafu mtazame kuli anavyolipokea shingoni kutoka kwenye Fuso na kupita nalo juu ya ubao unaonesa.

Hapa usiwe na haraka. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo hupambana na lumbesa kwa kuwa inampunja mkulima. Ni kazi njema. Lakini tangu 1967 Shirika la Kazi Duniani limependekeza kwamba mzigo anaobebeshwa mwanamume mzima ukizidi kilo 55 upunguzwe. Gunia halali kabisa, lisilo na kilemba, linakaribia mara mbili ya hapo! Kikomo chetu kinailinda bei ya mkulima; shingo ya mbebaji haikupimwa.

Usimuulize kuli kama mgongo unamuuma. Atasema hapana, asije akanyimwa zamu. Muulize analipwaje. Atakujibu: kwa gunia. Mkulima naye, shambani, aliuza kwa gunia. Basi kilo za kilemba dalali amezipata bure mara mbili, kwanza kwa viazi vya mkulima, tena kwa mgongo wa kuli. Hilo liandike kwa herufi kubwa, maana bila kuligusa, mafunzo ya kunyanyua mzigo kwa magoti hayatamsaidia mtu.

Uliza pia: akiteleza, nani atamtibu? Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtwika mwajiri wajibu, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi huchangiwa na mwajiri. Lakini mwajiri wa kuli ni nani? Leo ameitwa na dalali huyu, kesho ataitwa na yule. Dereva atakuelekeza kwa dalali, dalali kwa mwenye mzigo, mwenye mzigo kwa uongozi wa soko. Waandike kwa mfuatano huohuo. Huo ndio mnyororo wa ugavi unaoukagua.

Ukimaliza, rudi Tabata na guta lililobeba viazi. Muulize mwenye banda kama yuko tayari kununua kwa kilo, kwenye magunia ya kilo 50. Akikubali, mwachie mizani.