Kiingereza cha Dharura, Mtaa wa Kongo

Umekaa kwenye fremu yako Mtaa wa Kongo, mara winga anakuletea mteja wa Lusaka. Kiswahili hajui. Winga kashamaliza Kiingereza chake chote kule nje, sasa kasimama pembeni anasubiri cha juu. Usijifiche stoo. Soma hapa kwanza.

Jipe moyo: hata hapo ulipokaa pana nomino ya Kiingereza. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, wapagazi wao wa kijeshi, Carrier Corps, walipigishwa kambi huku. Hilo neno la pili wenyewe huliandika kwa p na s wasizozitamka. Likiwa wingi haliongezwi kitu, ila s ndiyo inaamka. Wazee wetu wakasikiliza, wakaandika walichosikia, Kariakoo, wakaendelea na biashara.

Kuhusu wingi, Mwingereza neno hulishika mkia, sisi tunalishika kichwa. Kibao chake cha “keep left” tulikivisha ki-, tukapata kipilefti na vipilefti. Na huyo winga tulimtoa uwanjani, leo ni mawinga, wamejaa hadi Msimbazi. Usimwambie mteja “mawingers”.

Sasa shika kiti, maana hapa ndipo watu huanguka. Kiti kinahesabika. Meza inahesabika, kabati linahesabika. Viweke pamoja uviite “furniture”: havihesabiki tena! Kibao chako cha nje kinachosema “furnitures” kina s moja ya kukwangua, na “equipments” ya jirani vilevile. Lakini iliyonishinda mimi ni pesa. Kwa sarufi yao, “money” ni kama maji, haina moja wala mbili. Ndiyo maana huuliza “how much money” lakini “how many shillings”. Nenda kamweleze tajiri jioni, wakati wa kufunga hesabu, kwamba pesa haihesabiki.

“Few customers” ni kilio, duka limedoda. “A few customers” ni nafuu, angalau chai imepatikana. Tofauti ni herufi moja, nayo ndiyo hiyo tunayoisahau kila siku.

Viwakilishi visikutoe jasho. Kwetu yeye ni yeye, awe kaka au dada. Kwao ukikosea, baba mzima na ndevu zake anageuka “she” mbele ya mkewe. Fuata dawa ya mawinga: kila mtu ni bosi, mwanamume bosi, mwanamke bosi. “You” nayo inamtosha mteja, mkewe na aliowaacha hotelini. Shikamoo yao usiitafute, haipo.

Imebaki suruali. Suruali moja kwa Kiingereza ni wingi, eti kwa sababu ina miguu miwili, japo shati lenye mikono miwili limebaki moja. Huuzwa kwa “pair”, na hapo uwe macho: pea moja ya soksi ni soksi mbili, pea moja ya suruali ni suruali moja. Ukimfungia mbili kwa bei hiyo, hasara ni yako, usije ukasema hukuambiwa.

Kwa hiyo bosi wa Lusaka atanyanyua jinzi moja, moja tu, halafu atauliza, “How much are these?” Wewe utatazama rundo zima, utasikia “hizi”, utapiga dazeni kichwani na kumtajia bei ya jumla. Ataiweka ile jinzi chini taratibu, kama mtu aliyeshika yai la wenyewe. Winga ataanza kukutazama vibaya.

Usibishane. Chukua kalkuleta, andika bei ya moja, mgeuzie. Ataitazama, atacheka, ataifuta, ataandika nusu yake, atakurudishia.

Nawe futa.