Sifa za Mbwa Mkali wa Njia ya Mkato

Kibao cha "Mbwa Mkali" kimepigiliwa getini kwa misumari minne, na mbwa mwenyewe yuko nje ya geti, kajilaza katikati ya njia, anakusubiri umalize kusoma. Wakazi wa Goba, Kimara na Mbezi, huku juu Dar es Salaam, wanaujua utaratibu huu. Mgeni huuona kuwa kasoro: onyo liko ukutani, mlinzi yuko nje, na mali inayolindwa haionekani. Mimi nauona kuwa ukarimu. Mwenye nyumba angeweza kumfungia ndani akaufaidi ukali wa mnyama wake peke yake. Ameamua kuwagawia wapita njia.

Simba amesifiwa, farasi amesifiwa, ngamia ndiyo usiseme. Punda ana mashindano yake Lamu, na watu wanapanda vyombo kwenda kumshangilia. Mbwa wa njia ya mkato anachoambulia ni "Toka!" na "Shenzi!", tena kutoka kwa watu ambao anawafanyia kazi tangu alfajiri bila posho. Leo na yeye apate haki yake.

Kazi yake kubwa ni upimaji wa ardhi. Mjini hapa mtu anaweza kufuatilia hati ya kiwanja hadi mwanawe amalize shule, leo anadaiwa kiambatanisho, kesho bwana mpimaji yuko semina. Mbwa hapangi foleni. Akifunguliwa geti anatoka, ananusa, anainua mguu kwenye nguzo ya umeme, anainua mguu kwenye mwarobaini wa jirani, anamalizia kwenye bikoni iliyochimbiwa na Serikali, na kabla jua halijachomoza kiwanja cha bwana wake kimefika kwenye genge la mama muuza nyanya. Njia ambayo mjumbe, mwenyekiti na ramani ya mipango miji wote wanakubali kuwa ni ya umma, inageuka ua wa mtu mmoja. Wapo waliojaribu kuimeza njia kwa kujenga ukuta, wakavunjiwa. Wapo waliopanda michongoma; ikang'olewa. Kwa aliyetumia mbwa, sijasikia notisi. Hata wale vijana wa kupiga alama ya X nyekundu kwenye nyumba zilizoingia hifadhi ya barabara hawajapata mahali pa kuipiga kwake, maana mpaka wenyewe una meno.

Nasikia wanaomlaumu wakisema hana adabu. Si kweli, anajua sana nani ni nani. Gari lenye vioo vyeusi likipita, hainui hata sikio. Bajaji anaitazama kwa jicho moja. Heshima kamili, ya kusimama, kubweka na kusindikizwa hadi mwisho wa uzio, anaiweka kwa mtembea kwa miguu: mama anayewahi ferry na beseni lake, fundi mwenye mfuko wa misumari, mwanafunzi aliyebeba madaftari na ufagio wa shule. Mtaa mzima usiokuwa na gari unapewa ulinzi wa msafara kila asubuhi, na bado watu hawashukuru.

Halafu afya. Mwaka 2016 Serikali ilitutangazia Jumamosi ya pili ya kila mwezi kuwa siku ya mazoezi, ili tupunguze presha, kisukari na maradhi mengine yasiyoambukiza. Nia njema kabisa, lakini ni mara moja kwa mwezi, na bado wengine walitaka kwanza wapewe fulana. Mbwa wetu anaitekeleza sera hiyo kila siku, sikukuu zikiwamo. Nimemwona mzee wa magoti mabovu, ambaye msikitini husalia kwenye kiti, akipanda ukuta wa tofali. Nimewaona madereva wa bodaboda wakipandisha miguu yote miwili juu ya tangi, pikipiki inaendelea kuteremka mlima, na abiria nyuma kakunja yake hadi kidevuni. Sarakasi ya namna hiyo watu walikuwa wanalipa kiingilio kuitazama.

Kuna na suala la adabu, ambalo vijana wa siku hizi wanasemwa wamelipoteza. Waganga wa mifugo wana masharti ya kumpitia mbwa mkali. Usikimbie, maana anayekimbia hufukuzwa. Usimkazie macho. Mgeuzie ubavu, mikono ishushe, sema kwa sauti ya chini kama unasema chochote, kisha rudi nyuma polepole bila kumpa mgongo. Ukiwa na mkoba au mwavuli, uweke kati yako na yeye. Ukiangushwa, jikunje, ziba shingo na masikio kwa mikono yako, utulie. Sasa niambie, ni nani mwingine hapa mtaani anayepewa heshima hiyo? Mkuu wa wilaya tunapishana naye tukitafuna muhogo.

Sharti ambalo halimo vitabuni ni la kuinama. Kila aliyekulia kwetu analijua: inama kama unayeokota jiwe, na mbwa atarudi hatua kumi kabla mkono haujagusa ardhi. Sijui nani aliwafundisha; wa Goba anaelewa, wa Singida anaelewa, hata yule aliyeuzwa kwa bei kubwa kuwa ana damu ya Kijerumani anaelewa. Tatizo ni kwamba mbwa ana akili, na baada ya wiki anagundua kuwa unainuka mikono mitupu. Inabidi sasa uokote kweli. Ndiyo maana njia yetu leo ni safi, haina hata kokoto. Zote zimeshavuka uzio. Mwenye mbwa anaongeza vyumba viwili upande wa uani, na sina shaka katika msingi ule mchango wetu umo.

Anayenyamazisha utani wangu ni mzee mmoja wa mtaa wetu. Anatoka nyumbani na udhu wake, kanzu imepigwa pasi, anakwenda Sala ya Alfajiri. Pua yenye maji ikigusa pindo la kanzu, safari imeishia hapo. Kwa madhehebu ya Shafi, wanayoyafuata Waislamu wengi wa pwani, mate ya mbwa ni najisi nzito: huoshwa mara saba, na mojawapo kwa udongo. Mzee anarudi kuosha, jamaa wanasali bila yeye. Wala hamchukii mbwa. Atakukumbusha kuwa Suratul Kahf inamtaja mbwa wa watu wa pangoni, na atakusimulia Hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akamnywesha mbwa aliyekuwa na kiu, Mungu akamsamehe dhambi zake. Ila huongeza neno moja. Yule mbwa wa pangoni, anasema, alinyoosha miguu yake kizingitini kwa watu wake, hakuja kuinyoosha kwenye njia ya wengine.

Waganga wa hospitali nao wana habari ya kuosha. Aking'ata, au hata akikukwaruza, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo, usingoje lianze kuuma. Elimu hii imetufikia kwa hisani ya mbwa. Vipeperushi tulifungia vitumbua. Kichaa cha mbwa kinakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, na karibu wote, 99 katika kila 100, walikipata kwa mbwa. Kwa Tanzania makadirio ni kama watu 1,500 kwa mwaka. Watoto ni wengi kati yao, maana ndio watembea kwa miguu wakubwa. Mgonjwa akishaanza kuogopa maji, dawa ya kumrudisha karibu haipo. Chanjo hufanya kazi kabla ya hapo, na imekuwapo tangu mwaka 1885, Louis Pasteur alipomchanja kule Ufaransa mtoto aliyeng'atwa.

Pamoja na umri huo, chanjo hiyo bado ni ngeni katika zahanati nyingi. Aliyeng'atwa anaelekezwa hospitali kubwa. Huko anaelezwa kuwa sindano si moja: leo, siku ya tatu, siku ya saba, na bado itabaki nyingine. Kila sindano ina nauli yake, na kila nauli ina siku ya kazi iliyopotea. Mbwa, wakati huo, yuko njiani pale pale, anapima.

Mtu akiniuliza kwa nini basi asichanjwe yeye, nitasema hilo ni swali la kichokozi, kwa sababu jibu lake linajulikana. Mbwa wakichanjwa 70 katika kila 100, ugonjwa unakosa pa kupitia. Pemba walifanya hivyo na mwaka 2014 kichaa kikaisha kisiwani. Kikaingia tena 2016, wakarudi kuchanja, na 2018 kikatoka mara ya pili. Kwetu suala limekwama kwenye kadi. Ukimuuliza mwenye mbwa kama amemchanja, atajibu amechanjwa. Ukiuliza kadi iko wapi, kadi iko kwa shemeji, na shemeji yuko Mwanza.

Nimefika kwa mwenye mbwa, ambaye bila yeye sifa zote hizi zisingekuwapo. Huyu ni mtu wa imani kubwa. Anasimama getini na mswaki mdomoni, wewe umebanwa kwenye ukuta wa jirani, mbwa kakutolea fizi zote, naye anasema kwa upole, "Pita tu, hana neno." Hana neno! Anaweza pia kusema, "Huyo haumi, anacheza tu," na unabaki kutamani ungefahamishwa mapema kuwa huo ni mchezo, ukaja na jezi. Imani hiyo haitikisiki hata meno yakishazama. Hapo utaulizwa ulikimbia kwa nini. Utaulizwa ulimkanyaga mkia? Utaulizwa kwa nini umevaa kofia, hapendi kofia.

Mbwa huyo ana jina, anaitwa Simba. Mwaka juzi mwizi wa betri za magari alipokimbizwa usiku, Simba alikuwa wa bwana huyu kabisa, na habari zake tulizisikia msibani, harusini na kwa kinyozi. Watu walipotaka watoto wake, alikuwa wake, na bei ilitajwa. Lakini siku mtoto wa darasa la pili alipong'atwa pajani, mwenyekiti wa serikali ya mtaa akaja na mgambo wawili, bwana alimtazama Simba kama anayemwona kwa mara ya kwanza. "Huyu? Huyu si wangu. Anakujaga tu hapa kula makombo." Simba naye alikuwa kakaa miguuni pake, anapiga mkia chini, mnyororo uliokatika ungali shingoni.

Kwa hiyo tumefikia makubaliano ya ajabu: njia ya umma imekuwa ya mtu binafsi, na mbwa wa mtu binafsi amekuwa wa umma. Sioni mwanasheria mwingine mtaani kwetu aliyewahi kukamilisha mabadilishano makubwa namna hiyo bila muhuri. Na malipo ya Simba kwa kazi yote hiyo ni ukoko wa ugali, siku ambazo haukuliwa na watu. Mbavu zake unaweza kuzihesabu ukiwa juu ya ukuta, na juu ya ukuta utapata nafasi ya kuhesabu.

Vijana wa kijiweni wanapendekeza sumu. Nawapinga, na si kwa ajili ya utani huu. Kuua mbwa hovyo hakukomeshi kichaa. Nafasi ya waliokufa hujazwa na wengine ambao hawajaona sindano, na nyama yenye sumu haichagui kati ya mbwa, paka na mtoto anayetambaa. Tena Simba hakujifungulia geti.

Mwenyekiti ameitisha kikao cha wakazi wote Jumapili saa nne asubuhi. Ajenda ni moja, mbwa wanaozurura, na mwenye Simba ameombwa kuwa mjumbe wa kamati kwa kuwa ana uzoefu. Tumehimizwa tufike kwa wingi. Ofisi ya serikali ya mtaa, kwa wasiofahamu, iko mwisho wa njia ya mkato. Ukishampita Simba, ni mlango wa pili kushoto.